Nyani Dirishani, Kiboko Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanyamapori Wanaokula Karibu Nasi

Nililelewa Kisumu, na sasa ninaishi Nakuru, upande ambao alfajiri unawasikia nyani wakibweka ndani ya hifadhi. Huwa natembea na wanafunzi pembezoni mwa ziwa, na maswali yao hayatofautiani sana na ya wazazi wao, wala ya mama mboga aliyepoteza mkungu wa ndizi asubuhi hiyo. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Hifadhi imejaa miti na nyasi. Mbona nyani ang'ang'anie mkate wangu?

Hebu piga hesabu kama nyani. Akishinda porini atachimbua mizizi ya nyasi, atapasua maganda ya mgunga atoe mbegu, atapindua mawe atafute wadudu, na shughuli hiyo itammalizia sehemu kubwa ya mchana. Mkate wa dukani hauna miiba, hauchimbwi, haukimbii, na umejaa wanga uliokwisha kupikwa. Dakika mbili za ujasiri zinamwokolea kazi ya saa nyingi.

Mwili wake nao umekaa tayari kwa kazi hiyo. Meno yake yanakula karibu kila kitu, vidole vyake vinafungua zipu, na ndani ya mashavu ana vifuko. Nyani na tumbili wote wanavyo. Anajaza chakula upesi upesi bila kutafuna, anakimbilia juu ya mti, kisha anakitoa kidogo kidogo akiwa salama. Vifuko hivyo vilikuwepo kabla ya duka la kwanza kujengwa Nakuru. Vilimfaa kuwahi matunda kabla ya wenzake wakubwa kumnyang'anya. Leo vinamfaa kwenye kibanda cha mandazi.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema nyani wa siku hizi wameharibika, nasikitika kidogo. Nyani hajabadilika. Anachagua chakula chenye faida kubwa na jasho dogo, kama walivyofanya babu zake. Kilichobadilika ni kile tunachomwekea mbele.

Je, nyani huzaliwa na tabia ya kuvamia mashamba, au hujifunza?

Hujifunza, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ulitokea papa hapa kaunti ya Nakuru.

Karibu na Gilgil kulikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyoitwa Kekopey. Mwaka wa 1972 mtafiti wa Marekani, Shirley Strum, alianza kulifuatilia kundi la nyani hapo, akiwatambua mmoja mmoja kwa sura. Jambo la kwanza lililoshangaza lilikuwa nyama. Ranchi ilikuwa imepunguza wanyama wawindaji, swala tomi wakawa wengi, na nyani wakazidi kuwawinda watoto wa swala. Madume ndio waliotangulia, wakafika mahali pa kupokezana katika kufukuza. Baadaye majike na vijana nao wakaonja nyama. Yaani mlo wa kundi zima ulipanuka mbele ya macho ya watafiti, katika miaka michache, kwa sababu binadamu walikuwa wamegusa kitu kingine kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ranchi iliuzwa kwa wakulima. Mahindi na maharagwe yakaota pale nyani walipozoea kula nyasi. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasikilize vizuri: nyani hawakuyavamia wote kwa pamoja. Baadhi walionja, wakarudi, wakanogewa. Wengine walibaki na chakula cha porini. Mwishowe kundi likagawanyika, na wale waliofuata mashamba wakapewa jina la Wabaya. Jina hilo, kwa Kiswahili hicho hicho, limo katika maandishi ya watafiti hadi leo.

Ndugu wa damu, bonde moja, mvua moja, na bado upande mmoja ukawa wa mahindi na mwingine ukabaki wa nyasi. Tabia hii hupita kwa kuangalia. Mtoto wa nyani anakula anachokula mama yake. Dume naye, akishabalehe, huhama kundi alikozaliwa na kujiunga na jingine, na anahama na ujuzi wake wote. Dume mmoja aliyezoea madirisha ya gari anatosha kuwafundisha wengi.

Ni kweli wanajua tumeenda kanisani?

Hawajui Jumapili, ila wanajua kimya. Wakikaa juu ya mti au jabali wanalitazama shamba kwa muda mrefu, na wanaona mlinzi anapoondoka kwenda kunywa chai. Mvua kubwa ikinyesha na watu wakijificha, wao wanashuka. Kwa mama yangu mdogo, upande wa Shinyalu, wanakuja saa saba, sufuria ikishaepuliwa na kila mtu akiwa ndani anakula.

Wakulima wengi pia husema nyani hawaogopi wanawake na watoto kama wanavyowaogopa wanaume. Nimeliona kwa macho yangu. Sababu si dharau. Wanakumbuka nani hurusha mawe kwa nguvu na nani hukimbia. Jambo hili linaumiza kwa sababu kazi ya kulinda shamba mara nyingi huachiwa mama au mtoto, na mtoto anayeamia mahindi siku nzima hayuko darasani.

Nikimrushia tumbili ndizi moja tu, nimekosa nini?

Umemfundisha somo moja: binadamu ni chakula. Atalirudia somo hilo kwa mtu anayefuata, ambaye huenda ni mtoto wa miaka minne mwenye biskuti mkononi. Tumbili asipopewa, ananyakua, akizuiwa, anauma. Ndiyo maana kulisha wanyama ndani ya hifadhi kumekatazwa.

Kuna la pili, nalo ni afya yake. Huko Amboseli, kusini mwa nchi, watafiti waliwalinganisha nyani waliokula mabaki ya hoteli na wale waliokula porini. Wa jalalani walitumia muda mfupi kutafuta chakula, wakakaa sana, wakanenepa, na damu yao ikaonyesha baadhi ya dalili ambazo daktari angemwonya mtu kuhusu kisukari. Katika Maasai Mara yalitokea makubwa zaidi miaka ya 1980. Nyani waliokula kwenye jaa la hoteli moja ya watalii walipata kifua kikuu kutokana na nyama yenye ugonjwa. Katika kundi la jirani lililochunguzwa na Robert Sapolsky, karibu nusu ya madume walikufa, hasa wale wakali waliokuwa na ubavu wa kwenda kugombania taka.

Ukimpenda mnyama, mnyime mkate. Najua ni vigumu akikutazama kwa yale macho.

Wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama jalalani Kisumu, walikuwa wakila nini zamani?

Huyo ni kongoti, korongo mkubwa mwenye mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Watoto humwogopa, na miguu yake myeupe huwafanya wadhani amepakwa chokaa. Ni kinyesi chake mwenyewe, anakimwaga miguuni ili kupoza mwili wakati wa joto. Chini yake miguu si myeupe hata kidogo.

Zamani, na hata sasa huko mbugani, kongoti alikaa kwenye mizoga pamoja na tai. Mdomo wake ni mrefu lakini haujui kuchana nyama, kwa hiyo alisubiri tai wachane kisha akadokoa au kuwapokonya. Alikula pia samaki, vyura, panzi na panya. Mji ulipokuja, ukamchania nyama yeye mwenyewe: matumbo ya kichinjio, vichwa vya samaki, makapi ya mikahawa. Kisumu, Kachok lilikuwa jaa kuu kwa miaka mingi, katikati ya mji kabisa, na kongoti walijaa pale. Hapa Nakuru utawaona kwenye jaa la Gioto. Zingatia kwamba biashara yetu ya samaki ndiyo iliyompangia ratiba. Mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, anapokatwa minofu ya kusafirishwa nje, binadamu anabaki na mgongo wazi, yaani mifupa yenye nyama kidogo, wa kukaanga, na kinachobaki baada ya hapo ni cha kongoti.

Namheshimu sana ndege huyu. Anaondoa vitu ambavyo vingeoza na kuleta nzi. Shida ni kwamba anameza pia plastiki iliyopakwa mafuta ya nyama, na hiyo haimtoki kirahisi.

Ukiwa ufukweni Dunga, kule Kisumu, asubuhi, mashua zikiingia, utaona shule nzima ya tabia hizi. Fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anatembea kati ya miguu ya akina mama akingoja matumbo ya samaki. Mwewe anazunguka juu, na ukizubaa anashuka na kuondoka na ngege wako.

Kiboko naye amebadilika?

Kidogo tu. Kiboko bado ni mla nyasi. Jioni anatoka majini, anafuata njia zake zile zile, anakata nyasi kwa midomo mipana ya karibu nusu mita, na kwa usiku mmoja anaweza kula kilo 40 hivi. Tulichofanya ni kulima juu ya njia yake. Sukuma wiki na mahindi machanga yaliyopandwa ukingoni mwa ziwa, kwake ni nyasi laini zilizomwagiliwa maji.

Nakuru kuna jambo jingine. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa. Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka kilomita za mraba karibu 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na sehemu za malisho. Malisho ya kiboko yalipozama, alisogea kuelekea kwenye nyumba. Kwa watu wa Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa, hilo si habari ya kusimuliwa.

Ukiishi karibu na maji, usitembee usiku bila tochi, na usisimame kati ya kiboko na ziwa. Akishtuka anakimbilia majini kwa njia iliyonyooka, na ukiwa juu ya njia hiyo hakuepuki.

Kuna wanyama waliobadilisha mlo kwa sababu yetu bila kugusa taka wala mashamba?

Wapo, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Ziwa Nakuru la asili halikuwa na samaki. Maji yake ya magadi yalikuwa makali mno. Ndege wake mashuhuri, heroe, ambaye wengi tunamwita flamingo, anachuja mwani mdogo sana wa spirulina. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaletwa samaki wadogo jamii ya ngege kutoka upande wa Ziwa Magadi, wanaovumilia maji ya aina hiyo, ili wale viluwiluwi wa mbu. Samaki wakazaana. Mara wakaja mwari, wale pelikani weupe wakubwa, kwa maelfu. Kwa miaka mingi mwari walitaga kwenye visiwa vya miamba vya Ziwa Elementaita na kuruka kila siku kuja Nakuru kuvua. Mtu alikuwa anafikiria mbu, akaanzisha safari ya ndege.

Heroe ni kinyume chake. Maji yalipojaa na chumvi kupungua, mwani wake ulipungua pia. Hakuweza kusema leo nitakula samaki; mdomo wake hauwezi. Akahama kwenda Bogoria na kwingineko. Ukiwatazama hawa wawili unaelewa mengi: anayekula vingi hukaa na kubadilika, anayekula kimoja huondoka, na asipokuwa na pa kwenda hupotea.

Ziwa Victoria lina hadithi yake. Mbuta aliingizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, kwa kiasi kikubwa. Mdiria mweusi-na-mweupe, yule anayeelea hewani kabla ya kujitupa majini, alikuwa akiishi kwa fulu. Watafiti waliomchunguza upande wa Mwanza, Tanzania, walikuta amehamia kwa dagaa, hawa tunaowaita omena. Omena ni mdogo, kwa hiyo sasa inambidi avue wengi zaidi ili kulisha makinda wale wale.

Na yangeyange usimsahau. Alifuata nyati ili ale panzi wanaoruka nyasi zikikanyagwa. Sasa anafuata ng'ombe, na huko Ahero anafuata trekta.

Tunaishi karibu na Msitu wa Kakamega. Mbona kima anakuja kwenye mapera lakini mbega haji jikoni?

Kwa sababu ya tumbo. Mbega, mwenye manyoya meusi na meupe kama joho, ana tumbo lenye vyumba, na ndani yake bakteria wanachachusha majani. Chakula chenye sukari nyingi humvuruga. Kima anakula matunda, wadudu na majani machanga, kwa hiyo mpera kwake ni mti kama mingine. Mpera wenyewe ni mgeni kutoka Amerika, lakini umeota sana kando ya msitu, na wanaousambaza ni kima, nyani na ndege wanaokula matunda na kuangusha mbegu kwingine. Kwa hiyo wanajilimia.

Na fisi?

Fisi hula karibu chochote, hata mfupa. Asidi ya tumbo lake inauyeyusha. Kuna uchunguzi mmoja wa kaskazini mwa Ethiopia ninaousimulia mara nyingi. Fisi wa huko huishi kwa mabaki ya mifugo yanayotupwa na watu. Wakati wa mfungo mkuu wa Wakristo, watu wanapoacha nyama kwa karibu miezi miwili, mabaki hupungua, na fisi huanza kuua punda kwa wingi. Mfungo ukiisha, wanarudi jalalani. Kalenda ya kanisa inaonekana ndani ya kinyesi cha fisi.

Kwa nini wasumbufu wote wasihamishwe mbali?

Ilijaribiwa, na kwa uangalifu mkubwa. Mwaka wa 1984 makundi matatu ya nyani wa Gilgil yalikamatwa na kupelekwa Laikipia. Walifaulu kuishi, wakijifunza mimea mipya na kuwatazama nyani wenyeji. Lakini ilibidi kuhamisha kundi zima zima, kwa fedha nyingi na watu waliowajua wanyama kwa miaka. Kumchukua dume mmoja na kumtupa kilomita 50 si kuhamisha. Unampelekea tatizo mwanakijiji mwingine.

Na hata Laikipia mkono wetu uliwafikia. Mpungate, ile dungusi kakati iliyoletwa kutoka ng'ambo, ulienea malishoni, na nyani wale wakageukia matunda yake na kuzidi kuyasambaza.

Nifanye nini nyumbani na shambani?

Anza na taka. Ndoo yenye kifuniko kinachofungwa kwa kamba ya mpira inashinda mbwa wawili. Usiweke mabaki nje usiku ukisubiri gari la asubuhi. Dirisha la jikoni liwekwe wavu.

Shambani, usipande mahindi mstari wa mwisho kando ya msitu au uzio wa hifadhi. Acha nafasi wazi ya mita kadhaa, kwa sababu nyani na tumbili hawapendi kuvuka mahali ambapo hawana mti wa kukimbilia. Ukingoni panda kitu wasichokipenda, kama pilipili au chai kwa maeneo yanayoikubali, na mahindi, viazi vitamu na ndizi zikae karibu na nyumba. Vuna mapema. Majirani wakipanda kwa wakati mmoja na kupeana zamu za kuamia, hasara inagawanyika. Shamba linalokomaa peke yake huliwa peke yake. Sanamu ya kutishia husaidia siku chache, kisha nyani anakuja kukaa begani mwake.

Nakuomba sana usitumie sumu. Sumu haichagui. Atakufa nyani, atakufa mwewe aliyekula mzoga wake, atakufa mbwa wa jirani, na panya watabaki wakisherehekea. Isitoshe ni kosa la jinai.

Serikali italipa mahindi yaliyoliwa?

Inategemea na mnyama. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ina orodha ya wanyama ambao hasara yao inafidiwa. Kiboko, nyati na tembo wamo kwa upande wa mazao. Nyani na tumbili hawamo katika orodha hiyo ya 2013, na kwa maoni yangu hilo ni pengo linalowaonea wakulima wadogo wa magharibi, ambao hawamwoni tembo mwaka mzima lakini nyani wanamwona kila siku. Kwa kifo kilichosababishwa na mnyama aliyeorodheshwa, sheria iliweka shilingi milioni 5. Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, na uripoti mapema katika ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) iliyo karibu nawe.

Mtoto ameumwa na tumbili. Nianzie wapi?

Kwenye bomba. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu na hata kama analia. Usipake majivu, mafuta ya taa wala majani. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie daktari ni mnyama gani na jeraha liko wapi, ili aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Akipewa tarehe za kurudi kwa sindano nyingine, azimalize zote. Na mtoto usimgombeze; muulize kwa upole alikuwa ameshika nini mkononi.